Jicho la Nyumbu

Hapa Tarvin Gap, Alabama, hakuna anayeoa Jumamosi ya vuli. Shangazi yangu alijaribu mara moja, kwa kuwa mchumba wake alikuwa mgeni kutoka Ohio, na mpaka leo watu wanasema ndoa ile ilivunjika kwa sababu mchungaji alifungisha huku sikio moja lina waya wa redio, akisikiliza mechi. Hata marehemu hungoja Jumapili. Kwa hiyo ratiba ilipotoka nikaona mechi yetu ya mwisho ya nyumbani imewekwa Jumamosi ya katikati ya Oktoba, saa nane mchana, saa ileile ambayo chuo kikuu kinacheza na mahasimu wake, nilijua viti vitabaki vitupu.

Nilikwenda kwa mkurugenzi wetu, Kiernan Voss, aliyetoka Oregon na klabu mkononi kama mtu aliyekuja na mche wa mti.

"Bwana Voss, siku hiyo hatakuja mtu."

"Wanaopenda soka watakuja, Lorelle."

"Hata saa nne asubuhi ingekuwa afadhali. Watu wangepita kwetu kwanza."

"Hatuwezi kuishi kwa kuinamia ratiba ya mchezo mwingine. Tukianza kuinama, hatutanyooka."

Alisema vizuri. Yeye siku zote husema vizuri. Lakini kwetu ukitamka neno mpira, maana yake ni ule wa umbo la yai, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Ule wetu wa duara una jina lake pembeni, soka, kama mtoto wa kambo. Nilihitimu chuo mwezi wa tano na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza: kuwaleta watu wa mji uwanjani. Niliiomba kwa moyo wote. Niliamini, na bado naamini, kwamba mji unaojua kuipenda timu moja kiasi hiki unaweza kujifunza kuipenda ya pili.

Tatizo ni kwamba uwanja si wetu. Ni wa shule ya sekondari, na timu ya shule ndiyo roho ya mji. Jumatatu baada ya mechi hiyo kamati ya uwanja ingepiga kura kama tuendelee kucheza pale au tufungashe. Uwanja mwingine hakuna. Bwana Voss alikwisha kusema wazi kwamba kamati ikikataa, klabu inahamia mji mwingine. Na mwenyekiti wa kamati, ambaye wengine humtazama usoni kwanza kabla ya kunyoosha mikono, ni Buell Haskew. Baba yangu.

Alhamisi nilimkuta mezani na mbavu za nguruwe na viazi. Mama alikuwa zamu hospitalini. Nikajimiminia chai baridi nisiyoitaka.

"Baba, Jumamosi utakuja?"

"Nitakuja. Mwenyekiti hapigii kura kitu asichokiona."

"Utakosa mechi ya chuo."

"Najua nitakosa nini."

"Na kura yako je?"

"Usinipikie, mwanangu. Nitakula nikishapakuliwa."

Kisu chake kikakwaruza sahani. Nikashindwa kuvumilia.

"Ni ile picha, sivyo?"

Akaweka kisu chini.

Katikati ya uwanja wetu pamechorwa uso wa nyumbu. Si mkubwa, ni kama meza ya watu wanane, umetazama upande mmoja, na jicho lake jeupe liko kwenye nukta ya kati kabisa. Ni nyumbu wa mgodini, mtoto wa punda na farasi, aliyewahi kuwaongoza wachimbaji gizani mpaka nje siku mwamba ulipoanguka. Babu wa babu yangu alikuwa ameshika mkia wake. Mtoto wa hapa anafundishwa kumzunguka kabla hajafundishwa kufunga kamba za viatu. Mchezo ukiwa hai, kati ya filimbi na filimbi, nyumbu ni nyasi tu na kila mtu hupita juu yake. Lakini kabla ya mchezo, wakati wa mapumziko na baada ya mchezo, hakanyagwi. Hakuna kibao kinachosema hivyo, wala hakihitajiki.

Sasa soka huanzia wapi? Katikati. Mpira unawekwa juu ya jicho, mtu anasimama juu ya paji la uso wa nyumbu na kungoja filimbi. Kabla ya mechi yetu ya kwanza kabisa nilimweleza Bwana Voss, akacheka, akasema ni rangi tu. Kisha akaipanga timu nzima juu ya kichwa cha nyumbu, ikapigwa picha, na picha ikabandikwa kwenye ubao mkubwa wa barabara kuu. Tangu siku hiyo viti vyetu ni vya watu wa kuhesabika, na wengi wao ni wake na wachumba wa wachezaji.

"Babu yako," baba alisema taratibu, "jeneza lake lilipitishwa pale uwanjani. Wabebaji walimzunguka nyumbu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Jeneza linazunguka, Lorelle. Halafu kijana mwenye kaptura anasimama kwenye jicho, anaichekea kamera."

"Hawakujua, baba. Wengi wametoka mbali."

"Kuna aliyewaambia?"

"Bwana Voss alisema tusiwachanganye."

Baba akaokota kisu. "Basi ndiyo hivyo," akasema, na sikujua ndiyo hivyo ni nini.

Jumamosi asubuhi nilimtafuta nahodha wetu, Danilo Orellana, kijana wa Honduras mwenye sauti ya chini. Nilimkuta nje ya chumba cha kubadilishia nguo anafunga bandeji mguuni. Nikamweleza yote: mgodi, mkia, jeneza. Bandeji ikasimama mikononi mwake.

"Dada Lorelle. Ina maana mimi ndiye niliyekuwa namkanyaga nyumbu wa watu msimu mzima?"

"Hukuambiwa."

"Na wewe umekuja kuniambia leo? Mechi ya mwisho?"

"Nimekuja bila ruhusa."

Akanitazama, kisha akatazama uwanjani. "Kwetu kijijini uwanja uko nyuma ya kanisa. Ukipiga goli upande wa makaburi, unavua kofia kabla ya kwenda kuuchukua mpira. Mgeni akienda na kofia, tunamrusha mtaroni." Akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. "Wazee wanafikiri sisi ni watu wa namna gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole mahali rangi inapoishia.

Saa saba uwanja wa magari ulikuwa umejaa. Usifurahi. Walikuwa wanaume na wanawake wa kila Jumamosi, na majiko yao ya kuchomea nyama na karanga za kuchemsha, wamefungua milango ya nyuma ya magari na kuweka televisheni ndani. Wamekuwa wakikusanyika pale kutazama chuo kikuu tangu kabla sijazaliwa. Kati yao na lango letu palikuwa na hatua chache tu, na hakuna aliyekuwa anazipiga. Cleon Tubbs, aliyecheza pamoja na baba zamani na hajawahi kusema jambo kwa sauti ndogo, aliniona, koleo lake la nyama likiwa hewani.

"Lorelle! Leo mnacheza na nani, kwaya ya Wamethodisti?"

"Larkmoor, mzee Tubbs. Kutoka Georgia. Karibu ndani."

"Binti yangu, nikitaka kuona watu wazima wanakimbizana kwa saa mbili nzima bila kupata kitu, nitakwenda kwenye mkutano wa ukoo wetu."

Wakaangua kicheko. Nilicheka nao, maana ningefanya nini, nikaingia. Baba alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi za juu, mikono kifuani, kofia imeshuka machoni. Viti vilikuwa vimemzunguka vitupu kama mapengo ya mtoto. Bwana Voss alikuwa anatembea pembeni ya mstari, anatazama saa, anatazama lango, anatazama saa.

Timu zikatoka. Ilikuwa zamu yetu kuanza. Danilo akaja na mpira mkononi mpaka kwenye sikio la nyumbu, akasimama. Akamwita beki wetu mrefu, Teague, wakasemezana. Teague akamshika mkono wa kushoto, akakita miguu chini, na Danilo akajiinamisha juu ya uso ule kama mtu anayechota maji kisimani, akaunyoosha mkono wa kulia, akaweka mpira kwenye jicho.

Mpira ukabingirika ukaenda puani.

Mtu mmoja akacheka. Mwamuzi akatazama saa yake. "Anafanya nini?" Bwana Voss aliniuliza, akasogea. "Lorelle, anafanya nini yule?" Danilo akazunguka mpaka upande wa pua, Teague akamfuata, wakainama tena. Safari hii wachezaji wa Larkmoor walikuwa wanacheka waziwazi. Mpira ukatulia kwenye jicho. Danilo akarudi hatua moja nyuma, akangoja. Filimbi ikalia, akakimbia na kuupiga.

Niligeuka kumtazama baba. Mikono bado ilikuwa kifuani. Lakini kofia alikuwa ameisukuma juu.

Kipindi cha kwanza sikumbuki mengi. Nakumbuka vifijo vya kule nje kila chuo kikuu kilipofanya vizuri, vikituangukia katikati ya ukimya wetu, na wachezaji wetu wakigeuza vichwa. Nakumbuka nilivyotafuna kamba ya kitambulisho changu mpaka ikalowa. Hakuna aliyefunga. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia mama kwamba nahamia mbali, au kwamba sihami na sina kazi. Yote mawili yalinitia uchungu uleule.

Kipindi cha pili ilikuwa zamu ya Larkmoor kuanza. Mshambuliaji wao, mwenye kishungi cha nywele utosini, alikuja na mpira miguuni. Alikuwa ameyaona yote ya mwanzo. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye paji la uso wa nyumbu, akauweka mpira kwenye jicho kwa unyayo, akawageukia wenzake akitabasamu. Kisha akafuta viatu. Cha kulia, halafu cha kushoto, taratibu, kama mtu anayeingia nyumbani kwa mkwewe siku ya mvua.

"WEWE!"

Sauti ile naifahamu. Iliwahi kunishusha kutoka juu ya paa nikiwa na miaka saba. Baba alikuwa amesimama.

"Wewe mwenye nywele! Shuka hapo!"

Kijana akainua kichwa, akapunga mkono. Filimbi ikalia, mchezo ukaendelea, lakini baba hakukaa. Alishuka ngazi mbili mbili mpaka kwenye uzio, akashika waya kwa mikono yote miwili.

Kule nje Cleon alisikia. Akaja langoni, nilipokuwa nimesimama, na koleo lake. "Buell ana nini? Nani kafa?"

"Kafuta viatu juu ya nyumbu," nikasema.

"Nani?"

"Yule mwenye kishungi. Wa jezi nyekundu."

Cleon akatazama nyuma. Kwenye televisheni chuo kikuu kilikuwa hatua chache kutoka kwenye mstari wa ushindi, na watu wote wameinuka. Akatazama uwanjani. Akatazama tena televisheni, na niliona mtu mzima anapasuka vipande viwili. Halafu akapaza sauti: "Jamani! Georgia wamefuta viatu juu ya nyumbu!"

Ingekuwa mji mwingine labda wangeuliza maswali. Walikuja. Walikuja na sahani, na viti vya kukunja, na bibi mmoja na mbwa wake. Bwana Voss akanikimbilia. "Hawana tiketi!"

"Wauzie wewe," nikamwambia, nikalifungua lango wazi.

Sijui kama nilifurahi. Nataka kusema kweli hapa. Walijaza uzio wote na walikuwa na hasira, na mimi nilitaka waje kwa upendo. Niliogopa wataruka ndani, kijana wa watu ataumizwa, na kura ya Jumatatu itakwisha kabla ya kupigwa. Nilisimama kati ya Cleon na baba penye uzio.

"Mkamate!" Cleon alikuwa anapiga kelele kila kishungi kilipopita. "Mwangushe! Mbona hawamwangushi?"

"Hairuhusiwi kushika, mzee."

"Kichwa je?"

"Kichwa ruhusa."

"Basi ampige kichwa!"

"Ni mpira ndio unapigwa kichwa, mzee Tubbs."

"Lo! Na hawa mnawalipa?" Lakini macho hayakutoka uwanjani.

"Kwa nini mwamuzi amesimamisha mchezo?" baba akauliza bila kunitazama.

"Mshambuliaji wao ameotea, baba. Alikuwa nyuma ya beki wa mwisho mpira ulipopigwa."

"Kwa hiyo amevuka mstari kabla ya wakati."

"Karibu hivyo."

"Hilo naelewa." Akakaza mikono kwenye waya. "Ila mstari wenyewe hauonekani."

"Unatembea na mabeki."

Akafikiri. "Huo ni ujanja mzuri," akasema, na nilijua haongei na mimi.

Kona ya dakika za lala salama, Teague aliruka juu ya wote akaupiga kwa kichwa. Goli. Cleon alinikumbatia na sahani yake, nikapata mchuzi wa nyama begani. Kelele zilikuwa zile za Ijumaa usiku timu ya shule inapocheza, zile nilizozijua tangu tumboni, na sikuwahi kuzisikia zikiwa zetu. Nikathubutu kutabasamu.

Halafu, mwamuzi akiwa tayari ameshika filimbi, kishungi akaanguka ndani ya eneo letu. Penalti. Mpaka leo Tarvin Gap wanabishana kama aliguswa. Akaipiga mwenyewe, ikaingia, na mechi ikaisha.

"Sasa muda wa nyongeza," Cleon akasema.

"Hakuna. Ni sare."

"Sare ni nini?"

"Wote sawa. Wanakwenda nyumbani."

"Nyumbani? Nimeacha mbavu zikaungua, nimekosa chuo, halafu hakuna aliyeshinda?" Aliligeukia kundi zima. "Jamani, eti hakuna aliyeshinda!" Mngurumo ukapita. Nikafumba macho. Nilifikiri basi, ndiyo mwisho. Huu ni mji wa kushinda au kulia. Sare tutaiweka wapi?

Nilipofumbua, wachezaji wa Larkmoor walikuwa wanaelekea katikati. Kishungi mbele, mmoja ana simu, wanaitana wajipange wapigwe picha. Juu ya nyumbu. Watu wakaanza kuutikisa uzio, na baba akaweka mguu wake mmoja kwenye waya.

"Baba, usiruke. Tafadhali."

Danilo alikuwa ameketi chini anavua vilinda ugoko. Aliona. Akainuka akichechemea, na Teague nyuma yake, na wengine kutoka pande zote, wamechoka hata kukimbia hawawezi. Wakafika kwanza. Wakamzunguka nyumbu duara, bega kwa bega, migongo kwake na nyuso nje, na visigino vyao vikakomea kwenye ukingo wa rangi. Hawakusukuma mtu. Danilo akasema neno moja au mawili kwa kishungi. Wakatazamana. Kishungi akacheka, akainua mabega, akaongoza wenzake kwenda kupigia picha golini.

Uzio ukaacha kutikisika. Baba akashusha mguu.

"Nani kawafundisha hilo?" akauliza.

"Kuzunguka nilimwambia nahodha leo asubuhi. Kulinda hakuna aliyemwambia."

Njia nzima ya nyumbani baba hakuitaja kura, wala Jumapili baada ya kanisa, na mimi sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimekatazwa kupika. Sikulala vizuri. Nilijua walikuja kwa sababu ya chuki ya alasiri moja, na chuki ya alasiri moja haijazi viti msimu mzima.

Jumatatu jioni kamati ilikaa kwenye ukumbi wa chakula wa shule. Bwana Voss alionyesha michoro ya rangi ukutani na akaongea vizuri. Wajumbe walimsikiliza, kisha wote wakamgeukia baba. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na mashine ya soda, nimeshikilia kiti cha mbele yangu.

"Nina swali moja," baba akasema. "Hawa Larkmoor. Wanarudi lini hapa?"

Bwana Voss akafungua mdomo, akapekua karatasi zake. Hakujua.

"Mwezi wa nne," nikasema kutoka nyuma. "Jumamosi. Mwezi wa nne chuo hakichezi." Nikaachia kiti. "Kama kuna uwanja, mheshimiwa mwenyekiti."

Baba akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alikuwa na uso uleule wa mezani, mgumu, usiosomeka.

"Na ule ubao wa barabarani?"

"Unashushwa kesho," akasema Bwana Voss upesi. Nadhani aliamua palepale.

"Na ile sare. Itakuwepo tena?"

"Inaweza kutokea, mwenyekiti," nikasema.

"Hmm." Akaivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Mimi sijasema nimeupenda. Ila yule mwenye nywele hawezi kuondoka hapa akidhani yamekwisha." Akainua mkono, na mikono mingine, mmoja mmoja, ikamfuata.

Nje Cleon alikuwa anangoja kwenye gari lake. "Vipi?"

"Tumebaki."

"Vizuri. Hebu nieleze tena huko kuotea, maana mke wangu ameniuliza nikaongopa."

Nilimweleza kwa kutumia kopo la soda na funguo zake, juu ya boneti. Hakuelewa. Akaniambia nianze tena.